Msimamizi ameniandikia: "Hii ni mada, si swali"

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu. Masomo ya darasani nimemaliza, nimebakiza tasnifu, na hapo ndipo nilipokwama. Huu ni mwezi wa nne nahangaika na pendekezo la utafiti lisilopita. Mwanzoni kichwa changu kilikuwa "Athari za simu janja kwa wanafunzi wa vyuo". Msimamizi akanirudishia na wino mwekundu: "Pana mno." Nikapunguza, nikaandika "Athari za simu janja katika ufaulu wa wanafunzi wa vyuo". Likarudi: "Athari zipi? Ufaulu upi?" Mara ya tatu nikajitahidi zaidi. Niliandika maswali sita ya utafiti na kurasa kumi na nne za mapitio ya kazi tangulizi. Likarudi na mstari mmoja tu, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: "Hii ni mada, si swali."

Mwalimu, mstari huo nimeusoma mpaka nimeukariri, na bado sijui unanitaka nifanye nini. Maswali nimeandika, tena sita, na kila moja lina alama ya kuuliza. La kwanza: "Je, simu janja zina athari kwa wanafunzi?" La pili: "Je, wanafunzi wanatumia simu janja vibaya?" Mengine yanafuata mkondo huohuo.

Wenzangu tulioanza pamoja wameshaingia kwenye ukusanyaji wa data. Nikikutana nao maktaba naona aibu, kwa hiyo siku hizi nakwenda jioni wakishaondoka. Mmoja ananishauri nibadilishe mada kabisa. Mwingine anasema niiombe programu ya akili mnemba initungie swali, nimpelekee msimamizi, yaishe. Sijafanya hivyo, lakini nashawishika.

Kinachoniumiza ni kwamba mada hii naipenda. Nafundisha semina za mwaka wa kwanza mara mbili kwa wiki na naona jinsi simu zilivyobadilisha darasa. Kwa mfano, nikimaliza kuandika ubaoni, karibu nusu ya darasa wananyanyua simu na kupiga picha, hawanakili tena. Na nimeona kwamba wale wanaonakili kwa mkono ndio wanaonikatiza kwa maswali. Wapiga picha wako kimya. Lakini hayo ni mambo madogo ya darasani, najua si ya kuweka kwenye tasnifu. Mimi nataka kuandika kitu kikubwa, chenye mchango.

Nisaidie Mwalimu. Swali zuri la utafiti linatoka wapi? Na nitajuaje kwamba nimelipata?

Mwanafunzi aliyekwama

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa miezi minne hiyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimepiga mstari mahali pamoja tu, na si kwenye yale maswali sita. Nimepiga mstari pale uliposema wapiga picha wako kimya. Kisha nikaona maneno yanayofuata, "lakini hayo ni mambo madogo", nikasikitika, kwa sababu hapo ulikuwa umelishika swali lako mkononi ukalitupa mwenyewe.

Nianze na huo mstari uliokuchoma. Mada ni eneo. Ukisema "simu janja na wanafunzi" umetuonyesha msitu, na msituni kila mtu anaweza kuzunguka miaka bila kukosea wala kupata. Swali ni jambo moja ndani ya msitu huo ambalo hulijui, ambalo lina namna ya kujulikana, na ambalo jibu lake linaweza kukushangaza. Msimamizi wako hakusema huna akili wala hakusema mada yako ni mbaya. Amesema bado hujamwambia ni kitu gani hukijui. Alama ya kuuliza mwishoni mwa sentensi haitoshi, maana sentensi inaweza kuwa na alama hiyo na mwandishi wake akawa anajua jibu tangu kabla hajaketi kuandika. Soma tena swali lako la pili: wanafunzi wanatumia simu vibaya? Neno "vibaya" limeshahukumu. Ukienda kukusanya data kwa swali hilo unakwenda kutafuta mashahidi wa kesi uliyokwisha kuiamua.

Sasa nina ugomvi kidogo na lugha yetu ya kitaaluma, na naomba univumilie. Pita maktaba ya tasnifu za Kiswahili utazame migongo ya majalada. "Athari za…", "Mchango wa…", "Nafasi ya…", "Changamoto za…". Tumezizoea hizi kiasi kwamba mwanafunzi akianza kuandika, mkono wenyewe unaandika "Athari za" kabla hajawaza. Lakini neno "athari" si pambo la kichwa cha kazi. Ni dai zito. Ukisema simu ina athari katika ufaulu, umedai kwamba kitu kimoja kinasababisha kingine, na utatakiwa kuonyesha kwamba si usingizi mchache, si hali ya nyumbani, si mwalimu, si uwezo alioingia nao mwanafunzi, bali ni simu. Hiyo ni kazi ya timu yenye miaka na fedha. Msimamizi alipouliza "Athari zipi? Ufaulu upi?" alikuwa anakuonea huruma, anakuzuia usijitwishe mzigo ambao mwanafunzi mmoja wa uzamili hawezi kuubeba.

Nalo "Je" la mwanzo wa sentensi lina tabia yake. Mara nyingi linaita ndiyo au hapana. "Je, simu zina athari kwa wanafunzi?" Ndiyo, zina. Haya, tasnifu imekwisha, kurasa nyingine utaandika nini? Jaribu kuhamisha uzito wa swali uingie ndani ya sentensi uone kinachotokea. "Kwa kiasi gani" inakutuma ukahesabu. Kiambishi -je mwishoni mwa kitenzi, kama katika "wanatumiaje", kinakutuma ukatazame watu wakitenda, au ukae nao wakueleze wanavyotenda. "Kwa nini" ndilo zito kuliko yote, maana linadai sababu, na ukilitumia ujue umerudi kwenye mzigo wa "athari" kwa mlango mwingine. Chagua neno la kuuliza ukijua linakutuma wapi.

Umeuliza swali zuri linatoka wapi. Mara nyingi linatoka pale vitu viwili vilivyopaswa kufanana vinapokataa kufanana. Nikupe mfano ninaoupenda, maana hakuna unaoonyesha jambo hili waziwazi zaidi.

Mwaka 1846 daktari kijana aitwaye Ignaz Semmelweis alianza kazi ya usaidizi katika wodi za wazazi za Hospitali Kuu ya Vienna. Wakati huo wanawake wengi walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi, na madaktari wa Ulaya walikuwa na maelezo tele: hewa chafu, hali ya hewa, hofu, maumbile ya mwanamke. Swali lao lilikuwa "Kwa nini wazazi wanakufa?" na kwa ukubwa wake kila jibu lilienea. Lakini hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za uzazi, na wanawake walipokewa huku au kule kufuatana na siku. Katika wodi ya kwanza walifunzwa wanafunzi wa udaktari, ya pili walifunzwa wakunga. Mwaka huo wa 1846, katika wodi ya kwanza walikufa wazazi 459 kati ya 4,010, zaidi ya 11 katika kila 100. Katika ya pili walikufa 105 kati ya 3,754, hawafiki 3 katika kila 100. Hospitali ni moja, jiji ni moja, hewa ni hiyohiyo.

Ona swali lilivyogeuka. Halikuwa tena "Kwa nini wazazi wanakufa?" Likawa: kuna nini katika wodi ya kwanza kisichokuwapo katika ya pili? Swali hilo dogo lilikuwa na meno. Hewa ya jiji ikaanguka papo hapo, kwa sababu wodi zote mbili zilikuwa zinaivuta. Semmelweis akajaribu vingine kimoja kimoja. Wodi ya pili wanawake walijifungua wakilala ubavu, ya kwanza wakilala chali, akabadilisha, vifo havikupungua. Padre aliyepita wodi ya kwanza na kengele akienda kwa wanaokufa alisemwa kuwa anawatia wagonjwa hofu, akaombwa apite njia nyingine, vifo vilevile. Mwaka 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, aliyekuwa profesa, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana sana na wa wale wanawake. Hapo tofauti ya wodi mbili ikasema: wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha, wakunga hawakuwa wanapasua maiti. Katikati ya Mei 1847 akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100, Juni walikufa kama 2. Mwaka 1848 wodi mbili zilikuwa karibu sawa.

Sikuambii utatokea na ugunduzi kama huo. Nakuambia utazame umbo la swali. Lilikuwa na pande mbili za kulinganisha, mahali pamoja, kitu kinachohesabika, na liliweza kuyaua majibu yasiyo sahihi. Swali ambalo kila jibu linalienea halijakusaidia kitu.

Sasa rudi darasani kwako. Una wanafunzi wa semina moja, mwalimu mmoja, ubao mmoja, somo moja. Wengine wanapiga picha, wengine wananakili. Kundi moja linauliza, jingine liko kimya. Hizo ni wodi zako mbili.

Na usiniambie tayari unajua sababu, kwamba picha inalemaza akili. Hujui. Inawezekana wanaonakili wanakuuliza kwa sababu tu mwandiko wako hausomeki kwa mbali: "Samahani, hapo ni 'hutokana' au 'hutokea'?" Maswali ya namna hiyo si ya kuelewa somo, ni ya kusoma ubao, na mpiga picha hana haja nayo kwa kuwa ataikuza picha baadaye. Inawezekana wanafunzi wenye bidii ndio wanaopenda kunakili na ndio wanaopenda kuuliza, na kalamu haihusiki kabisa. Inawezekana wanaokaa mbele wananakili kwa kuwa wanaona vizuri, na wanauliza kwa kuwa wako karibu nawe. Inawezekana pia wapiga picha wanauliza sana, ila wanaulizana wao kwa wao jioni kwenye kundi la mtandaoni, mahali ambapo wewe humo. Nimekuhesabia maelezo manne na yote yanaweza kuwa kweli. Hapo ndipo najua kwamba umepata swali, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: andika majibu matatu yanayopingana, na jiulize kama kila moja ungelikubali data ikilileta. Ukijikuta unaweza kuvumilia moja tu, hilo uliloandika ni hotuba.

Tulitengeneze basi. Ukianza na "Kupiga picha ubao kunaathirije ujifunzaji?" umeshasogea, lakini "ujifunzaji" bado ni bahari na "athiri" imerudi kwa siri. Ukisema "Wanafunzi wanaopiga picha ubao na wanaonakili kwa mkono wanatofautianaje?" tuna pande mbili, ila wanaweza kutofautiana hata kwa rangi ya shati. Kwa hiyo taja kitu ulichokiona: "Wanafunzi wanaopiga picha ubao na wanaonakili kwa mkono wanatofautianaje katika idadi na aina ya maswali wanayouliza wakati wa semina?" Hapo nitakaa nawe nizungumze. Aina ya maswali ni muhimu, kwa sababu ya yale ya "hutokana au hutokea". Utahitaji kuyatenga maswali ya kusoma ubao na maswali ya kuelewa hoja, na kueleza mapema ni kwa kigezo gani swali linaingia huku au kule. Kisha unaweza kuongeza la pili linalotoka tumboni mwa la kwanza: wapiga picha wanazitumiaje picha hizo baada ya kipindi? Hilo ni la mahojiano. Waombe wafungue simu wakuonyeshe picha ya wiki tatu zilizopita, uone kama wanaweza kuipata na kama wanakumbuka ilihusu nini. Maswali mawili yaliyoshikana hivi yanatosha. Sita ni mengi, na mshika mbili moja humponyoka, sembuse sita.

Wanaofanya utafiti wa tiba wana mazoea mazuri ya kulijenga swali kwa sehemu nne, na umbo hilo lilianza kuenea miaka ya 1990: watu gani, kinafanyika nini, kikilinganishwa na nini, na matokeo gani yanatazamwa. Pima swali lako kwa sehemu hizo utaona zote zimo. Pima na lile la kwanza, "Je, simu janja zina athari kwa wanafunzi?", utaona sehemu mbili hazipo kabisa na mbili zilizobaki zina ukungu. Si kila taaluma inafaa kupimwa hivyo. Anayechambua ushairi hatalinganisha wagonjwa. Ila kwako inafaa.

Kuhusu zile kurasa kumi na nne za kazi tangulizi, nadhani uliziandika kwa mtindo wa "fulani alisema, fulani naye akasema". Ndivyo wengi tunavyoanza, kwa sababu tunasoma kabla hatuna swali, na bila swali kila makala inaonekana inahusika. Ukishakuwa na swali utasoma kwa njaa nyingine. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika muhtasari kwa mkono walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuelewa dhana kuliko walioandika kwa kompyuta, ambao walikuwa wakinukuu neno kwa neno. Utafiti huo ulinukuliwa kila mahali. Mwaka 2019 Kayla Morehead na wenzake wakaurudia, na tofauti haikuonekana kwa uwazi ule. Nyuma kidogo, mwaka huohuo wa 2014, Linda Henkel alichapisha utafiti ambamo aliwatembeza watu makumbusho na kukuta kwamba vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama tu, lakini walipokuza sehemu moja ya kitu wakati wa kupiga, upungufu huo haukuonekana.

Zitazame kazi hizi tatu ukiwa na swali lako mkononi. Zote zinapima kinachobaki kichwani baadaye. Wewe umeona kinachotokea mdomoni wakati somo linaendelea. Pengo lako liko hapo, na huna haja ya kuandika ile sentensi ya "hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kuchunguza jambo hili". Sentensi hiyo inawaponza wanafunzi wengi, maana msomaji mmoja akileta makala moja tu, umeanguka. Onyesha badala yake kwamba waliotangulia walitazama huku, matokeo yao hayakubaliani, na wewe unatazama kule, kwa sababu hizi. Inatosha kabisa.

Kipimo changu cha pili ni rahisi na nimewafukuza nacho wengi ofisini wakarudi na maswali mazuri: Jumatatu asubuhi utafanya nini? Sitaki "nitakusanya data". Nataka mahali utakapokaa, utakachokishika na utakachokiandika. Kwa maswali yako ya zamani huwezi kunijibu. Kwa hili jipya unaweza: nitakaa nyuma ya darasa na karatasi yenye safu mbili, nitaandika kila swali litakaloulizwa, nani kauliza, na alikuwa ananakili au anapiga picha. Umeona? Mbinu imejileta yenyewe, hukuhitaji kuitafuta kwenye kitabu cha mbinu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilinigharimu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda uwandani na mada kama yako, bila swali, nikiamini data itaniambia. Nilirudi na maboksi mawili ya hojaji zilizojazwa. Nakumbuka nilizimwaga sakafuni chumbani, nikachukua ya kwanza, nikasoma majibu, nikajiuliza inajibu nini. Sikujua. Nikachukua ya pili. Mpaka usiku nilikuwa nimekaa katikati ya karatasi ambazo watu wamenipa saa zao kuzijaza, na hakuna hata moja niliyoweza kuitumia, kwa sababu sikuwa nimewauliza kitu kimoja nilichotaka kukijua. Sehemu kubwa ya kazi ile nilianza upya. Wale wenzako unaowakwepa maktaba, usidhani wote wako mbele yako. Baadhi yao wako njiani kwenda kwenye sakafu ile.

Kuna jambo la maadili ambalo hukuuliza na lazima niliseme. Hao wa semina ni wanafunzi wako, na huenda ndiye wewe unayewasahihishia kazi. Ukiwaomba washiriki, hawako huru kukataa, hata ukiwaambia mara kumi kwamba wako huru. Isitoshe, wakijua unahesabu maswali, watauliza ili wakufurahishe. Omba kuingia katika semina ya mwenzako, pata kibali cha chuo kabla ya kuandika hata alama moja ya kutumia kwenye tasnifu, na waeleze wanafunzi kwamba unachunguza namna wanavyoweka kumbukumbu za somo. Mweleze msimamizi jinsi ulivyolifikiria hili. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Kuhusu ushauri wa marafiki zako. Usibadilishe mada. Mada nyingine nayo utaanza kuiandika "Athari za" na miezi minne mingine itakwenda. Na programu ya akili mnemba itakupa maswali ishirini kwa dakika moja, yenye sarufi safi, na mengine pengine mazuri. Tatizo ni siku ya utetezi, jopo litakapokuuliza: kwa nini swali hili na si jingine? Mtu aliyeona wanafunzi wake wakinyamaza atakuwa na la kusema. Aliyepewa swali atabaki kurudia maneno ya pendekezo lake. Ukiwa umeshaandika swali lako, hakuna ubaya kuiomba programu ikutafutie udhaifu, kama ungemwomba mwenzako yeyote mwenye jicho kali, mradi kanuni za chuo chako zinaruhusu.

Na hicho "kitu kikubwa" unachokitaka, nakuelewa, na sitaki uache kukitamani. Lakini ukubwa wa utafiti hauko kwenye upana wa kichwa chake. Jiulize: tukilijua jibu, nani atafanya nini tofauti? Kama wapiga picha kweli wanauliza machache ya kuelewa, mwalimu anaweza kusimama dakika mbili kabla ya kuruhusu picha, akauliza yeye. Kama wanaulizana jioni mtandaoni, basi kimya cha darasani si cha kutisha, na walimu wengi tunaowalaumu vijana tumekosea. Jibu lolote kati ya hayo lingebadilisha namna ninavyofundisha mimi mwenyewe.

Ukienda kwa msimamizi safari hii usiende na kurasa kumi na nne. Nenda na moja. Andika ulichokiona, kwa sentensi tatu. Andika swali. Andika maelezo manne yanayoshindana, utakachokifanya Jumatatu, na nani anahusika na jibu. Mwombe dakika kumi na tano, umsomee kwa sauti, kisha unyamaze umsikilize. Akikuambia "bado pana", muulize ni neno lipi linalipanua, mlifute pamoja hapohapo.

Ila kabla ya hapo, ingia semina yako ya wiki hii kama kawaida, bila kumwambia mtu, na bila nia ya kuiita data. Sikiliza tu. Nyuma ya daftari lako la kufundishia andika swali la kwanza litakaloulizwa, neno kwa neno, na uangalie kilichoko mkononi mwa aliyeuliza. Kisha niandikie. Nina hamu ya kujua lilikuwa la kusoma ubao au la kuelewa somo.